UZI: Tarehe za KRA kwa mwenye biashara ndogo, si 30 Juni peke yake

HesabuZaDuka (mwanzisha uzi)

Wanabiashara wenzangu, hamjambo. Kila Juni ikifika watu humiminika iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), kana kwamba kodi ya mwaka mzima ina siku moja tu. Mwenye duka, saluni, karakana au pikipiki tatu za kusafirisha mizigo ana tarehe nyingi kuliko hiyo 30 Juni, na zinazomla pesa kimyakimya ni zile za kila mwezi. Naziweka hapa kwa upande wa Kenya. Mwenye nyongeza aongeze, aliyeona kosa asahihishe.

Kabla ya kushika kalenda, jua PIN yako (namba yako ya mlipa kodi) imebeba nini. Ukurasa wa mwanzo wa iTax una kitufe cha PIN Checker. Weka PIN yako, usogeze hadi chini, utaona orodha: Income Tax (kodi ya mapato), VAT (kodi ya ongezeko la thamani), PAYE (kodi ya mshahara unayomkata mfanyakazi), Turnover Tax (TOT, kodi ya mauzo ghafi) na kadhalika. Kila jina pale ni ritani (taarifa ya kodi) unayodaiwa, uwe umeuza au hukuuza. PIN nyingi zimefunguliwa saiba (duka la intaneti), na anayekujazia akiweka alama kwenye PAYE au VAT bila kukuuliza, umeshabeba mzigo wa kila mwezi usioujua. Ritani ya PAYE isiyowasilishwa ina faini ya 25% ya kodi au shilingi 10,000, kubwa ndiyo hushikwa. Kwa asiye na mfanyakazi hata mmoja, hiyo ni 10,000 kwa mwezi. Ukikaa mwaka mzima bila kutuma nil (ritani ya sifuri), ni 120,000, na hakuna senti ya kodi uliyokuwa unadaiwa.

Sasa tarehe zenyewe:

Tarehe 9: PAYE ya mwezi uliopita, pamoja na ushuru wa nyumba, SHIF (mfuko wa afya) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii).

Tarehe 20: VAT, kodi ya mauzo ghafi (TOT) na kodi ya pango la nyumba za kuishi.

Siku 5 za kazi tangu ulipokata: kodi ya zuio, kwa mfano ile 5% unayomkata mshauri wa kitaalamu.

20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba, 20 Desemba: kodi ya awamu (kodi ya mwaka huu inayolipwa kidogo kidogo) kwa walio kwenye kodi ya mapato ya kawaida.

30 Aprili: salio la kodi ya mwaka uliopita.

30 Juni: ritani ya mwaka.

Tazameni vizuri hizo mbili za mwisho. Pesa hutangulia karatasi kwa miezi miwili.

---

MamaRejareja

Shukrani. Swali kuhusu TOT: duka la rejareja linalouza wastani wa 180,000 kwa mwezi linaingia? Na ukiingia TOT, VAT inakuacha?

---

Mizani_Pwani

Dada, 180,000 mara 12 ni 2,160,000. TOT ni ya biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, kwa hiyo duka hilo limo. Kiwango ni 3% tangu Julai 2023. 3% ya 180,000 ni 5,400, na inalipwa pamoja na ritani kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unaweza kuituma kwenye iTax au kwa app ya KRA M-Service.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: hiyo 3% ni ya mauzo ghafi, si ya faida. Hakuna kutoa pango la duka, stima wala bei ya bidhaa. Kwa duka lenye faida ghafi ya 10%, mauzo ya 180,000 huacha 18,000, na 5,400 ni 30% ya hizo 18,000 hata kabla hujalipa pango. Ikiwa faida yako ni nyembamba hivyo, sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hutaki TOT na uingie kodi ya mapato ya kawaida, ambako gharama hutolewa. Lakini huko utahitaji ankara za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) za kila ununuzi, na vitabu vilivyonyooka. Fundi cherehani ambaye gharama yake kubwa ni mikono yake, TOT humfaa. Wa jumla wa sukari na mafuta haimfai hata kidogo. Piga hesabu kabla ya kuchagua.

TOT haigusi mapato ya pango, ada za kitaalamu, ada za usimamizi wala za mafunzo. Mhasibu au msanifu majengo asijipeleke huko.

VAT ni mlango mwingine kabisa. Ukifikisha mauzo ya milioni 5 kwa miezi 12 ya bidhaa zinazotozwa VAT, lazima ujisajili, TOT au hakuna TOT. Na hapa pana mtego. Bidhaa zilizosamehewa, kama mboga na matunda mabichi, hazihesabiwi kwenye hizo milioni 5. Bidhaa za kiwango cha sifuri, kama unga wa mahindi na mkate wa kawaida, zinahesabiwa, kwa sababu kisheria zinatozwa, ila kwa 0%. Muuza unga anaweza kuvuka milioni 5 akidhani hana habari na VAT.

---

Kijana_wa_Stoo

Na ile tarehe ikianguka Jumapili? Nilidhani inasogezwa Jumatatu.

---

HesabuZaDuka

Hapana, na kosa hili ni la kawaida mno. Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi huirudisha tarehe nyuma, hadi siku ya kazi iliyotangulia. Tarehe 20 ikiwa Jumapili, siku yako ni Ijumaa tarehe 18.

Fungueni kalenda ya 2026: 20 Juni ni Jumamosi, 20 Septemba ni Jumapili, 20 Desemba ni Jumapili. Zote tatu ni siku za kodi ya awamu na za VAT. 9 Agosti nayo ni Jumapili, kwa hiyo PAYE ya Julai ni Ijumaa tarehe 7.

Kuna moja inayojirudia kila mwaka bila kukosa: 20 Oktoba ni sikukuu ya Mashujaa. VAT na TOT ya Septemba haiwezi kamwe kuwa ya tarehe 20. Mwaka 2026 Mashujaa ni Jumanne, basi mwisho ni Jumatatu tarehe 19. Iandikeni kwa wino mwekundu.

---

Bi_Karani

Naongeza upande wa wafanyakazi, maana watu husema "kijana wangu mshahara wake mdogo, hana PAYE, sina cha kutuma." Tuchukue mshahara wa 20,000.

NSSF ni 6% kwake na 6% kwako: 1,200 na 1,200.
SHIF ni 2.75%, inakatwa kwake tu: 550. Kiwango cha chini kabisa ni 300.
Ushuru wa nyumba ni 1.5% kwake na 1.5% kwako: 300 na 300.
PAYE: baada ya makato hayo inabaki 17,950. 10% yake ni 1,795, na nafuu ya mtu binafsi ni 2,400 kwa mwezi. PAYE ni sifuri.

Kijana anapokea 17,950 mkononi, na wewe unapeleka jumla ya 3,550: kutoka kwake 2,050, kutoka kwako 1,500. PAYE ni sifuri, lakini fomu ya P10 (ritani ya PAYE) yenye jina lake lazima iende kufikia tarehe 9. Usitume nil. Nil ni ya asiye na mfanyakazi. Ukituma nil wakati una mtu, ushuru wake wa nyumba hauna mahali pa kuonekana.

Pia, malipo ya ushuru wa nyumba hayaingii kwenye namba moja ya malipo na PAYE. Kwenye Payment Registration, chagua "Agency Revenue", kisha "Housing Levy", upate PRN (namba ya malipo) yake peke yake. Wengi hulipa PAYE, wakaona imekwisha, ushuru wa nyumba ukabaki. Huo ukichelewa hutozwa 3% kwa kila mwezi kwa kiasi kilichobaki. SHIF inalipwa kwenye mfumo wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), na NSSF kwenye mfumo wao. Milango mitatu, na yote hufungwa karibu wakati mmoja, kwa hiyo anza tarehe 3 au 4 na si tarehe 8 usiku.

---

Mizani_Pwani

Bi Karani umegusa PRN, na mimi naikazia, kwani malipo yaliyopotea njia ni mengi kuliko yasiyolipwa.

Fuata mpangilio huu: tuma ritani kwanza, ndipo utengeneze PRN. Ritani ikishaingia, deni huonekana kwenye mfumo, na PRN huvuta kiasi chenyewe. Chagua aina ya kodi, kisha tawi lake. TOT iko chini ya Income Tax, haisimami peke yake. Aina ya malipo ni "Self Assessment Tax". Halafu mwaka na mwezi. Hapa ndipo vidole huteleza: unalipa Machi kwa sababu leo ni Machi, kumbe deni ni la Februari. Pesa itakaa kama ziada kwenye Machi, Februari itaendelea kula riba, na wewe una risiti mkononi unayoamini imemaliza kazi.

Ukilipa kwa simu, namba ya akaunti ni PRN yenyewe, si PIN, si jina la duka. Tumia paybill iliyochapishwa kwenye karatasi ya malipo uliyopewa siku hiyo, si ile uliyohifadhi zamani kwenye simu. Siku mbili baadaye ingia ufungue leja yako uone kama mwezi ule umesoma sifuri.

---

Fundi_wa_Ankara

VAT nayo ina mambo yake. Niandike kwa urefu kidogo.

Tangu Januari 2024 ritani ya VAT huja ikiwa imejazwa kutokana na eTIMS. Hiyo haina maana ukubali tu na kubonyeza. Linganisha jumla ya mauzo na ripoti ya eTIMS yako, na till yako, mwezi kwa mwezi. Ankara iliyotolewa mara mbili na haikufutwa kwa noti ya kupunguza (credit note) itakuwa mauzo mara mbili.

Upande wa manunuzi, ankara isiyo na PIN yako haitaonekana kwako. Mpe muuzaji PIN kabla hajachapisha risiti, pale pale kaunta. Ukirudi baada ya wiki kuomba ibadilishwe, lazima afute ile ya kwanza atoe nyingine, na wengi hawataki. Muda wa kudai VAT ya manunuzi ni miezi 6 tangu mwisho wa mwezi wa ununuzi. Na kwa kodi ya mapato, tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kama gharama, isipokuwa zile chache zilizotajwa kisheria kuwa nje.

Ukiuzia shule, kaunti au kampuni kubwa iliyoteuliwa kuwa wakala, utakatwa 2% ya thamani kabla ya VAT. Bidhaa za 100,000, VAT 16,000, jumla 116,000: utapokea 114,000, na 2,000 itapelekwa KRA kwa PIN yako. Cheti chake huonekana kwenye iTax. Hiyo 2,000 unaitoa kwenye VAT unayodaiwa. Usipoidai umelipa mara mbili. Na mauzo yanahesabiwa mwezi ulipotoa ankara, hata kama wamekulipa baada ya siku 90. Hili ndilo huwavunja wanaouzia serikali: VAT inadaiwa tarehe 20, malipo hayajafika. Kabla ya kukubali zabuni, jiulize kama una akiba ya kubeba hiyo 16%.

Kwa wanaotumia fomu ya Excel: pakua fomu mpya kila mara, maana toleo la zamani hukataliwa. Kabla ya kuifungua, bonyeza kulia, Properties, weka alama ya Unblock, kisha ruhusu macros. Tarehe za kompyuta ziwe siku/mwezi/mwaka. Kompyuta iliyowekwa mwezi/siku/mwaka hutoa makosa kwenye kila mstari, na mtu hushinda akihangaika na takwimu ambazo hazina tatizo. Ukibonyeza Validate, faili ya zip hutengenezwa. Usibadilishe jina lake, usiifungue. Ipandishe kama ilivyo.

Na hujatuma mpaka uone risiti ya kukiri kupokea, yenye namba. Ukurasa ukikwama baada ya kupandisha na risiti isitoke, ritani haijaingia. Hifadhi hiyo PDF kwa jina linalosomeka, kama VAT_2026_02, ili ukiulizwa baada ya miaka mitatu usichimbe barua pepe.

---

MamaRejareja

Naomba ufafanuzi wa hiyo 30 Aprili. Wengi tunajua Juni tu.

---

HesabuZaDuka

Mfano. Mtu yuko kwenye kodi ya mapato ya kawaida, mwaka umekwisha 31 Desemba, na hesabu inaonyesha salio la 60,000 baada ya awamu zote. Analipa 30 Juni siku anayotuma ritani, na anajiona amewahi. Ritani kweli imewahi. Lakini malipo yalitakiwa 30 Aprili. Faini ya kuchelewa kulipa ni 5%: 3,000. Riba ni 1% kwa mwezi: miezi miwili, 1,200. Jumla 4,200 kwa kutojua tarehe moja tu.

Dawa yake: funga hesabu za mwaka Februari au Machi, tuma ritani mapema. Milango ya iTax iko wazi tangu Januari, na hakuna anayekulazimisha kusubiri foleni ya wiki ya mwisho ya Juni, mfumo ukiwa umelemewa.

Kodi ya awamu: ikiwa kodi yako ya mwaka mzima haizidi 40,000, hudaiwi awamu. Ikizidi, njia salama ni kuchukua kodi ya mwaka jana, uizidishe kwa 110%, ugawe kwa nne. Mwaka jana 80,000, basi 88,000, kila awamu 22,000. Mwaka huu biashara ikishuka unaweza kutumia makadirio yako ya mwaka huu badala yake, lakini uwe na hesabu za kuyatetea. Walio TOT hawalipi awamu kwa biashara hiyo.

---

Kijana_wa_Stoo

Faini zilizokwisha ingia zinaweza kuondolewa? Kuna wanaosema subiri msamaha.

---

Bi_Karani

Usisubiri. Msamaha wa mwisho ulihusu madeni ya hadi 31 Desemba 2023 na ulifungwa 30 Juni 2025. Sasa mlango uliobaki ni mwembamba: makosa ya mfumo wenyewe, mfumo kuchelewa kusasishwa, faini iliyoingia mara mbili, au jukumu la kodi lililosajiliwa kimakosa. Hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa na yule aliyewekewa PAYE saiba bila kuomba. Kusahau na kukosa pesa si sababu.

Ukilemewa, tuma ritani kwa wakati hata kama huna pesa. Faini ya kutotuma na faini ya kutolipa ni mbili tofauti. Mfano, TOT ya 5,400 iliyochelewa miezi mitatu kwa yote mawili: 1,000 ya ritani, 270 ya kuchelewa kulipa, 162 ya riba. Ukituma kwa wakati ukachelewa kulipa tu, ile 1,000 haipo. Kwa VAT tofauti ni kubwa zaidi, maana faini ya kutotuma ni 10,000 au 5%, kubwa ndiyo hushikwa. Kisha omba kulipa deni kwa awamu. Riba itaendelea, lakini unaonekana unalipa.

---

Horohoro_Biashara

Nachangia kutoka upande wa Tanzania, kwa wanaovuka Lunga Lunga na Horohoro wakiwa na leseni pande zote mbili. Msichanganye kalenda. Kwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), PAYE na kodi ya zuio ni ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, siyo 9. VAT ni tarehe 20 kama Kenya, ila ikiangukia wikiendi au sikukuu husogea mbele hadi siku ya kazi inayofuata, kinyume na kwenu. Kodi ya makadirio kwa mwaka wa kawaida ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, na ritani ya mwaka ni 30 Juni. Malipo yote kwa control number (namba ya malipo ya serikali). VAT ni 18%. Anayeshika tarehe za nchi moja akazitumia kwa zote mbili atachelewa PAYE ya Tanzania kila mwezi.

---

Mizani_Pwani

Asante ndugu, hiyo ya kusogea mbele na kurudi nyuma ni muhimu kwa watu wa mpakani.

Nimalizie swali nililoulizwa inboksi: biashara imefungwa, afanyeje? Kufunga mlango wa duka hakufungi PIN. Tuma ritani zote hadi mwezi wa mwisho, hata kama ni nil, lipa kilichobaki, kisha wasilisha ombi la kuondolewa VAT, PAYE au TOT, moja moja. Mpaka ombi likubaliwe, endelea kutuma nil kila mwezi, kwa sababu ukisubiri majibu miezi miwili, ndani yake kuna tarehe 9 mbili na tarehe 20 mbili. Jukumu la Income Tax hubaki, na ritani yake ya mwaka itaendelea kila 30 Juni. Baada ya kukubaliwa, rudi PIN Checker uhakikishe jina limetoka kwenye orodha. Likiwa bado lipo, piga chapa ule ukurasa wenye tarehe na uupeleke ofisi ya KRA iliyo karibu pamoja na barua ya kukubaliwa.

---

MamaRejareja

Nimeangalia sasa hivi. PAYE imo, na duka halina mfanyakazi. Naanza na nil za miezi iliyopita au ombi la kuondolewa kwanza?

---

Mizani_Pwani

Nil kwanza dada, anza na mwezi wa zamani kabisa uje mbele. Ombi halitapita ritani zikiwa na mapengo. Zikiisha, tuma ombi siku hiyo hiyo, na kwenye ombi la kuondolewa faini eleza kwamba jukumu lilisajiliwa kimakosa. Ambatisha cheti cha PIN chenye tarehe ya usajili.